Kosa, Kuteleza na Upekee: Juu ya Usahihi katika Maandishi Yasiyo Rasmi

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa mara kwa mara na walimu na watumishi wa umma ni hili: je, yafaa kumsahihisha mtu aandikapo jambo lisilo rasmi? Barua kwa ndugu, ujumbe wa simu, tangazo lililobandikwa mlangoni mwa duka, karatasi ya makubaliano baina ya majirani wawili, yote haya si vitabu wala si nyaraka za Serikali. Wako wanaoshikilia kwamba sheria za lugha ni zilezile popote, na kwa hiyo kila kosa sharti litiwe wino mwekundu. Wako na wengine wanaosema kwamba, maadamu ujumbe umefika, tahajia na sarufi ni mapambo tu. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimeteleza mahali pamoja: kila upande unayahesabu makosa yote kuwa ya uzito mmoja.

Ili maneno yetu yasiwe nadharia tupu, tuitazame Nyakasimbi, kata ya Wilaya ya Karagwe katika Mkoa wa Kagera. Wenyeji wa huko, pamoja na jirani zao wa Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, husema Kinyambo nyumbani na kuandika Kiswahili. Ni wakulima wa migomba na kahawa. Umbali baina yao na Unguja ni mkubwa, si kwa njia ya ardhi tu bali hata kwa sauti za lugha. Nasi tusisahau kwamba usanifu tunaoupima nao ulitokana na uamuzi wa watu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi, na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ikapewa kazi ya kusawazisha maandishi, hasa ya vitabu vya shule. Siku ile hata Mmvita asemaye *ndia* badala ya *njia* alijikuta nje ya usanifu, naye amezaliwa katika Kiswahili. Basi, kuwa nje ya usanifu si lazima kuwe ni ujinga.

Katika Kinyambo, *l* na *r* hazitenganishi maana ya neno moja na jingine. Wala hakina sauti za *dh*, *th* na *gh*. Kwa hiyo si ajabu kuona *feza* kwa fedha, *zambi* kwa dhambi, au *tafadhari* kwa tafadhali. Je, makosa haya yamemdhuru nani? Hakuna. Neno *feza* halina maana nyingine ya kugombana nayo. Msomaji hulipita bila kusita. Lakini sauti zilezile zinapoingia katika maneno mengine hali hubadilika. *Dhana* ni wazo na *zana* ni vyombo vya kazi. *Thamani*, *samani* na *zamani* ni mambo matatu mbalimbali. *Kura* hupigwa, *kula* ni kazi ya kinywa; *karamu* ni ya wageni, *kalamu* ni ya mwandishi; na *mahari* hutolewa, ila *mahali* hukaliwa.

Hapa ndipo sarufi inapokuja kuisaidia tahajia. Mtu akiandika “mahali imekubaliwa”, msomaji aijuaye lugha atatambua kwamba alikusudia mahari, kwa sababu mahali pangekuwa *pamekubaliwa*. Kiambishi kimeiokoa herufi. Vivyo hivyo “kula zangu” haiwezi kuwa chakula, maana kula ni *kwangu*. Tahajia na sarufi ni walinzi wawili wa nyumba moja: mmoja akisinzia, mwingine hukesha. Hatari huja pale wanaposinzia wote wawili. Katika mazungumzo ya bara husikika “mahali imeharibika”, na kwa mwenye mazoea hayo ile “mahali imekubaliwa” haisemi tena kama ni posa iliyokubaliwa au ni kiwanja.

Kinyume cha hayo, upatanisho uliolegea peke yake aghalabu haupotezi maana. Mfugaji akiandika “ng’ombe zangu zimepotea”, kila mtu ataelewa. Usanifu wataka “ng’ombe wangu wamepotea”, kwa kuwa viumbe wenye uhai hufuata ngeli ya watu. Lakini Mnyambo anapotumia *z-* anaifuata sarufi ya lugha yake, ambayo ng’ombe wengi huwapatanisha hivyo. Tena Kiswahili chenyewe husema “ndugu zangu” na “rafiki zangu”. Mwalimu atasahihisha darasani, na ni wajibu wake. Ila anayesoma barua ya mfugaji huyo kisha akacheka, huyo amepungukiwa na elimu ya ngeli kuliko mwandishi.

Tumefika sasa kwenye herufi moja ambayo haina mlinzi wa pili, nayo ni *h*. Udhaifu wa herufi hii si wa Wanyambo. Twaukuta katika maandishi ya miji mikubwa na ya watu waliosoma sana. Wengine huidondosha na kuandika *abari*, wengine huiongeza pasipo haki na kuandika *hameondoka*. Mara nyingi haidhuru. Lakini tuutazame ukanushi. Katika wakati uliopita twasema *alilipwa*, *hakulipwa*; katika hali timilifu *amelipwa*, *hajalipwa*; katika wakati uliopo *analipwa*, *halipwi*. Kila mara kuna alama zaidi ya moja, na ikipotea *h* kiambishi cha wakati au irabu ya mwisho hushuhudia. Katika wakati ujao mambo si hivyo. Twasema *atalipwa* na *hatalipwa*, *utalipwa* na *hutalipwa*. Kiambishi *-ta-* hakibadiliki, irabu ya mwisho haibadiliki. Baina ya kulipwa na kunyimwa imesimama herufi moja, ile ile ambayo ndimi nyingi huimeza.

Na mikopo, ahadi na mapatano huandikwa kwa wakati gani kama si ujao? Kagera pana desturi iitwayo *butura*: mkulima mwenye shida ya fedha huiuza kahawa yake ingali maua au mbichi mtini, kwa bei ya chini, na kuikabidhi baada ya mavuno. Serikali imeipiga vita desturi hii kwa sababu humnyonya mkulima. Mapatano ya namna hii, yakiandikwa, hayaandikwi na mwanasheria. Huandikwa katika karatasi ya daftari au katika ujumbe wa simu. Tuchukue mfano: “Bei ikipanda muuzaji atalipwa nyongeza.” Sasa tuongeze *h*: “Bei ikipanda muuzaji hatalipwa nyongeza.” Je, mwandishi aliidondosha herufi, au aliiongeza? Muuzaji atasoma hivi, mnunuzi vile, na mzee wa baraza ataachiwa kuamua haki ya watu kwa kukisia matamshi ya aliyeandika. Haya ndiyo maandishi yanayoitwa “ya kawaida tu”. Huwa ya kawaida mpaka siku ya ugomvi, kisha hugeuka ushahidi.

Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wanaosema kwamba usahihi ni wa ofisini peke yake. Lakini hatuwaungi mkono wanaokemea kila kitu. Vijana huandika *xaxa* kwa sasa na *cjui* kwa sijui, na wazee hulalamika kwamba lugha imekufa. Tuwatendee haki: aandikaye *ctamlipa* amefupisha tahajia lakini ukanushi ameuhifadhi mzima, na mwenzake anamwelewa bila shaka. Yule aandikaye *atalipwa* akikusudia hatalipwa ameandika neno safi lisilo na dosari machoni, naye ndiye aliyepotosha. Kalamu nyekundu ingemkamata wa kwanza na kumwacha wa pili.

Yafaa pia tukumbuke historia ya kisomo katika eneo lile. Kati ya mwaka 1968 na 1972 mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, uliendeshwa katika mikoa ya Ziwa, mmojawapo ukiwa Ziwa Magharibi, mkoa ulioitwa Kagera tangu mwaka 1979. Watu wazima walifundishwa kusoma na kuandika kwa masomo yaliyofungamana na kazi zao, kama vile pamba na migomba. Makusudi yalikuwa mtu aweze kuitumia kalamu katika maisha yake. Kipimo hicho kingali chema: andiko lipimwe kwa kazi lililotumwa kufanya.

Kwa wafasiri, walimu na watumishi tunapendekeza tutenganishe maneno matatu, ambayo sasa yote huitwa “makosa”. *Kosa* liwe ni lile linalogeuza maana au kuiacha njia panda, kama *h* ya wakati ujao. Hilo lisahihishwe popote, hata katika kijibarua. *Kuteleza* kuwe ni tahajia iliyopotoka bila kudhuru, kama *feza*. Hiyo isahihishwe shuleni na kitabuni, isimzuie mtu kusikilizwa. *Upekee* uwe ni alama ya lugha ya kwanza ya mwandishi, kama “ng’ombe zangu zimepotea”. Huo ufundishwe kwa kulinganisha sarufi mbili, si kwa kumfedhehesha mtu. Na neno kama *butura*, ambalo Kiswahili sanifu hakina lake la kulingana nalo, lisihesabiwe hata kuwa upekee. Ni msamiati unaongoja kupokewa.

Walimu wa elimu ya watu wazima wanaweza kuanza na jambo dogo: wafundishe kwamba ahadi ya malipo iandikwe katika nafsi ya kwanza na aahidiye mwenyewe. *Nitamlipa* na *sitamlipa* hayachanganyiki katika kinywa cha mtu yeyote.

Mzigo wa usahihi hauna budi kuwa mzito zaidi kwa mwenye kuandikia wengi. Mkulima wa Nyakasimbi aandikapo *tafadhari* katika ombi lake, karani na aisome haja yake na kuishughulikia. Karani huyo akimjibu “utapewa” naye alikusudia “hutapewa”, hatutakubali udhuru wa ulimi wala wa haraka.