Hadhira Inapotunga: Mashabiki wa Besiboli na Somo Letu la Fasihi Simulizi

Kila mwaka tunaposahihisha mitihani ya fasihi simulizi tunakutana na sentensi ileile katika hati tofauti: hadhira ni watu wanaopokea kazi ya fasihi kutoka kwa fanani. Mwanafunzi akiandika hivyo hupata alama yake, kwa kuwa ndivyo tulivyomfundisha. Katika swali linalofuata, mwanafunzi huyohuyo huandika kwamba fasihi simulizi ni sanaa ya utendaji inayoishirikisha hadhira. Sentensi hizo mbili haziwezi kukaa nyumba moja bila ugomvi, lakini sisi walimu tumeziacha zikae. Katika makala haya tunakusudia kuugusa ugomvi huo, na mfano tutakaoutumia si ngano wala kitendawili. Ni mashabiki wa besiboli, hasa wale wanaofuatilia mashindano ya mataifa yaitwayo World Baseball Classic, yaliyoanza mwaka 2006.

Msomaji atauliza: besiboli inatuhusu nini? Kwa hapa Uganda inatuhusu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walipata nafasi ya kwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye mashindano ya dunia ya Little League, wakanyimwa viza za Marekani. Timu ya Canada iliyokuwa ikutane nao ikaja Uganda Januari 2012 kuicheza mechi ile iliyokosekana, ikafungwa 2-1. Agosti ya mwaka huo watoto wa Lugazi walifika Williamsport, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza kule. Kwa hiyo tunapozungumzia mchezo huu hatuzungumzii habari za mwezini.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, jambo moja litamtosha. Mrushaji husimama juu ya kilima kidogo cha udongo katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpigaji mwenye gongo. Kati ya mrusho mmoja na mwingine kuna kituo. Soka haina vituo vingi vya namna hiyo. Mpira unakwenda, na shabiki anapiga kelele juu ya mwendo wake. Katika besiboli mchezo unasimama mara nyingi sana, na shabiki anaachiwa nafasi ya kusema. Mwanafunzi aliyewahi kuimba kibwagizo baada ya kila ubeti ataelewa mara moja jinsi nafasi hiyo ilivyo na thamani.

Wajapani huijaza nafasi hiyo kwa utaratibu unaomshangaza mgeni. Wana vikundi vya ushangiliaji vyenye viongozi, tarumbeta na ngoma, na mpigaji mashuhuri huwa na wimbo wake mwenyewe unaoimbwa na uwanja mzima anapoingia na gongo lake. Zamu ya kupiga inapohamia kwa wapinzani, hao hunyamaza na kuwaachia wenzao zamu ya kuimba. Wakati wa korona ushangiliaji wa sauti ulipigwa marufuku katika viwanja vyao, watu wakabaki na makofi tu. Sauti ziliporudi mwaka 2023, maneno yenye maana ya "kushangilia kwa sauti, mara ya kwanza baada ya miaka 4" yaliingia katika orodha ya misemo 10 ya mwaka inayochaguliwa nchini Japani kila Desemba. Watu waliokuwa wapokezi tu wasingehesabu miaka waliyonyimwa sauti.

Wadominika, Wapuerto Rico na Wavenezuela hawana habari ya zamu. Ngoma, filimbi na pembe hulia mwanzo hadi mwisho, awe anapiga wa kwao au wa wenzao. Waandishi wengi wa michezo huwasifu Wajapani kwa ustaarabu na kuwasema Walatini kuwa watu wa kelele, au, wakitaka kuwa wapole, watu "wenye moto". Uhakiki wa aina hiyo hatuukubali. Aliyehudhuria maulidi leo na kesho akaenda kutazama bakisimba hasemi kwamba wa jana walikuwa wastaarabu na wa leo si wastaarabu. Anasema kaida za utendaji ni mbili, na kila moja ina sheria zake, ikiwa ni pamoja na sheria za lini kelele inakuwa kosa. Kimya cha Mjapani ni sehemu ya wimbo wake, kama ambavyo kelele ya Mdominika ni sehemu ya wa kwake.

Hata hivyo, kuimba na kupiga ngoma ni ushiriki ambao hata vitabu vyetu vya zamani vinaukubali. Tunalotaka kulisema ni zito zaidi. Hadhira hutunga maana ya tendo, na mara nyingi huitunga kinyume cha alivyotaka mtendaji.

Tuanze na maneno ya Ichiro Suzuki. Kabla ya mashindano ya mwaka 2006 mchezaji huyo wa Japani alisema kwamba alitaka washinde kwa namna ambayo wapinzani watajiona hawaiwezi Japani kwa miaka 30 ijayo. Hakuitaja Korea. Lakini Wakorea walisikia jina lao, na tukizingatia historia ya nchi hizo mbili, iliyo na miaka 35 ya kutawaliwa na Japani, masikio yao hayakuwa na kosa la kisarufi. Kuanzia siku hiyo Ichiro akawa mtu wa kuzomewa kila alipokutana nao. Korea iliifunga Japani Tokyo, 3-2, ikaifunga tena Anaheim, 2-1, na baada ya ushindi huo wa pili wachezaji wake walisimika bendera juu ya kile kilima cha mrushaji. Wakorea waliona fahari. Wajapani waliona tusi. Bendera ilikuwa moja, kilima kimoja.

Kisha mpangilio wa mashindano ukazikutanisha timu hizo mara ya tatu, katika nusu fainali, na Japani ikashinda 6-0. Japani ilitwaa kombe kwa kuifunga Cuba 10-6, ikiwa imeshinda mechi 5 na kupoteza 3. Korea ilirudi nyumbani ikiwa imeshinda 6 na kupoteza 1. Shabiki wa Korea hakuhitaji shahada ya hisabati ili alalamike. Mwaka 2009 bendera ilisimikwa tena, safari hii San Diego, na fainali ikawa ya mahasimu haohao huko Los Angeles, mji wenye Wakorea wengi. Mashabiki 54,846 walikuwamo uwanjani. Wakorea walikuwa wakilitamka jina la nchi yao silabi kwa silabi na kulifuatishia makofi matano. Katika kipindi cha 10 aliyepiga mpira uliowamaliza, Japani ikashinda 5-3, alikuwa Ichiro. Hakuna mtunzi wa tamthilia angethubutu kumpa mhusika huyo nafasi hiyo. Hadhira ingesema amezidisha. Lakini tuangalie: tendo la Ichiro lilikuwa kupiga mpira. Aliyeligeuza kuwa mwisho wa kisa cha miaka mitatu ni shabiki aliyekuwa ameyahifadhi maneno ya mwaka 2006, kwa chuki upande mmoja na kwa mapenzi upande wa pili.

Wenzetu wa isimu watasema hili ni somo la pragmatiki, tofauti kati ya kilichosemwa na kilichosikika. Ni kweli, lakini si la pragmatiki peke yake. Pio Zirimu, aliyetuundia istilahi ya Kiingereza "orature" hapahapa Uganda, alikuwa akipinga mazoea ya kuipima sanaa ya mdomo kwa kipimo cha maandishi. Kitabu kinaweza kumsubiri msomaji wake. Tendo la uwanjani halisubiri, na asiyekuwapo kulisoma papo hapo hatalikuta lilivyokuwa.

Wakati mwingine hadhira inakwenda mbali zaidi na kumfanya fanani kuwa jukwaa tu. Machi 2006, Cuba ilipocheza na Uholanzi mjini San Juan, mtazamaji mmoja nyuma ya mpigaji aliinua bango lenye maneno mawili ya kumpinga Fidel Castro. Mechi ilikuwa ikionyeshwa moja kwa moja nchini Cuba. Afisa wa michezo wa Cuba alimwendea kumkabili, na polisi wa Puerto Rico wakamchukua afisa na kumweleza kwamba nchini mwao mtu ana haki ya kusema. Mwenye bango hakuwa akizungumza na waliokaa naye. Hadhira yake ilikuwa ng'ambo ya bahari, mbele ya televisheni, na timu mbili zenye sifa zikawa kwake ni pazia la nyuma.

Hatutakaa sana kwenye ndizi ya Fernando Rodney, ingawa Mganda yeyote angetaka tukae. Mrushaji huyo wa Dominika alikuwa na ndizi ya kupika kama hirizi ya bahati katika mashindano ya mwaka 2013, ambayo timu yake iliyamaliza kwa kushinda mechi zote 8. Mgeni aliona kichekesho. Mdominika aliona chakula chake cha kila siku, na aliona lugha yake pia, maana kule mgeni aliyezoea maisha ya wenyeji husemwa kwa neno linalotokana na ndizi, kama kwamba amegeuka ndizi. Wala hatutakaa kwenye nywele za Wapuerto Rico mwaka 2017, pale wachezaji walipozipaka rangi ya dhahabu na mashabiki wakawafuata hadi dawa ya nywele ikaadimika madukani.

Tutakaa kwenye pilipili manga. Mwaka 2023 Lars Nootbaar, mzaliwa wa Marekani mwenye mama Mjapani, aliichezea Japani na kuja na ishara aliyoizoea katika klabu yake ya St. Louis: kuzungusha mikono miwili kama anayesaga pilipili manga kwa kinu kidogo cha mezani. Chimbuko lake ni mchezo wa maneno. Kwa Kiingereza kitenzi cha kusaga hutumika pia kwa maana ya kujibidiisha bila kuchoka. Kijapani hakina uhusiano huo, na Kiswahili vilevile; kwetu anayesaga lami ni mtu anayezunguka mjini bila shughuli ya maana. Kwa kanuni za tafsiri ishara hiyo ilipaswa kufia uwanja wa ndege. Haikufa. Mashabiki wa Japani waliitupa maana ya asili, wakabaki na umbo, wakalijaza maana yao: furaha, umoja, na kumkubali kijana wa mama yao aliyekuja na jina la kigeni. Vinu vya pilipili vilinunuliwa, na jina la ishara hiyo nalo likaingia katika ile misemo 10 ya mwaka. Tunaposomesha ukopaji wa maneno tunazoea kusema kwamba lugha hukopa umbo na maana. Hapa umma umekopa umbo na kuiacha maana forodhani.

Siku chache tu baada ya ishara hiyo kupendwa, mashindano ya shule za sekondari yalianza katika uwanja wa Koshien. Mwanafunzi mmoja wa sekondari ya Tohoku alifika kituo cha kwanza kwa sababu ya kosa la wapinzani, akasaga pilipili. Mwamuzi alimwonya. Shirikisho la besiboli ya shule likasema kwamba madoido yasiyo ya lazima yaepukwe. Nchi ikagawanyika: wapo waliosema kusherehekea kosa la mwenzako ni kukosa adabu, wapo waliouliza kwa nini watoto wakatazwe furaha ambayo wakubwa wanashangiliwa kwayo. Sisi tunaona pande zote mbili zilikuwa zikifanya uhakiki wa fasihi, tena uhakiki mzuri, maana zilikuwa zikibishana juu ya muktadha: tendo lilelile, nani anatenda, wapi, baada ya nini. Ni mabishano ambayo tungefurahi kuyasikia katika semina zetu, ambako mara nyingi muktadha hutajwa kwenye ukurasa wa kwanza wa tasnifu na hausikiki tena.

Katika mashindano hayohayo ya 2023, Edwin Díaz wa Puerto Rico aliumia goti vibaya Miami, akiwa anarukaruka na wenzake baada ya kuifunga Dominika 5-2. Mashabiki wengi wa klabu yake ya New York walighadhibika, na zilisikika sauti Marekani za kuyaita mashindano yote maonyesho yasiyo na maana. Tunalielewa chungu la aliyepoteza mrushaji wake kwa msimu mzima. Lakini kusema tendo halina maana ni dai zito, na mwenye kulitoa alikuwa akihukumu utendaji ambao yeye hakuwa hadhira yake. Kwa Mpuerto Rico, ambaye kisiwa chake ni milki ya Marekani na ambaye hapati nafasi nyingi za kuiona bendera yake ikikabili nyingine kwa usawa, zile dakika za kurukaruka zilikuwa na maana kuliko msimu wa New York. Nchini Japani, fainali waliyoshinda 3-2 dhidi ya Marekani ilitazamwa asubuhi ya siku ya kazi na zaidi ya asilimia 40 ya kaya za eneo la Tokyo.

Hatudai kwamba hadhira haikosei. Makofi yaliyowapokea watoto wa Lugazi mwaka 2012 yalikuwa ya ukarimu, lakini simulizi iliyoambatana nayo ilikuwa ya huruma: watoto wa kimaskini kutoka mbali. Nafasi ya kuonekana kama wachezaji ilikuwa finyu, ingawa waliifunga timu ya Gresham, Oregon, 3-2. Mwaka 2015 timu ya Uganda iliifunga Dominika 4-1, na hapo mtazamaji mwenye simulizi ya huruma alilazimika kutafuta nyingine. Hili nalo tunalihesabu: fanani ana njia zake za kuijibu hadhira inayomtungia vibaya.

Tumewaomba wenzetu idarani kwamba katika muhula ujao swali la "eleza dhima ya hadhira" liondolewe kwenye mtihani na badala yake wanafunzi wapelekwe Namboole na vinasa sauti siku ya mechi ya Cranes, wakae katikati ya mashabiki wa pande zote mbili, na warudi na dakika 10 za kurekodi na kurasa 5 za uchambuzi. Nauli ya basi kutoka chuoni si kubwa. Wenzetu wawili wamekwisha kuuliza nani atasahihisha.