Dakika Badala ya Maili: Uchambuzi wa Jaribio la Vibao vya Raleigh

Utafiti kuhusu mitaa inayofaa kuishi, yaani mitaa ambamo mkazi anaweza kutembea, kusimama akazungumza na jirani, na kumwacha mtoto acheze bila kuhofia magari, kwa kawaida huanzia kwa Donald Appleyard wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 alilinganisha mitaa mitatu ya San Francisco iliyofanana kwa mengi isipokuwa wingi wa magari. Wakazi wa mtaa uliopitiwa na magari takribani 2,000 kwa siku walikuwa na wastani wa marafiki watatu mtaani kwao, ilhali wale wa mtaa uliopitiwa na magari takribani 16,000 hawakufikisha kwa wastani hata rafiki mmoja. Matokeo hayo yalionyesha wazi kile ambacho magari huwapokonya wakazi, lakini kupunguza magari au kupanua njia za waenda kwa miguu kulibaki kuwa kazi ya wahandisi wenye bajeti na ya madiwani wenye kura. Kwa sababu hiyo jaribio lililofanyika mwezi Januari 2012 katika jiji la Raleigh, makao makuu ya jimbo la North Carolina nchini Marekani, linastahili kuchambuliwa kwa makini, kwa kuwa aliyelibuni, Matt Tomasulo, alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika usanifu wa mandhari na mipango miji, asiye na bajeti, cheo wala kibali.

Swali lake la msingi lilikuwa jepesi: kwa nini watu wa katikati ya jiji hupanda gari kwenda mahali pa karibu? Jibu alilolipata kwa wakazi lilikuwa kwamba ni mbali mno, ingawa sehemu nyingi walizozitaja zilifikika kwa mwendo wa dakika chache. Raleigh ni jiji lililokua pamoja na gari, na vibao vyake vya barabarani viliandikwa kwa ajili ya dereva, kwa herufi kubwa za kusomwa kutoka mbali na kwa njia zinazozingatia mitaa ya mwelekeo mmoja, kiasi kwamba mtu aliyesimama kwenye kona hakuwa na chochote cha kumwambia mguu wake unaweza kumfikisha wapi. Tatizo lililoshughulikiwa, kwa hiyo, lilikuwa makadirio ya umbali yaliyomo kichwani mwa mkazi, ambayo hurekebishwa kwa gharama ndogo sana kuliko lami.

Kibao chenyewe kilikuwa na vitu vichache: mshale, picha ya mtu anayetembea, jina la mahali, idadi ya dakika za kutembea, na msimbo wa QR, yaani ule mraba wa vidoa vyeusi na vyeupe ambao simu ikiusoma hufungua ukurasa fulani, na katika kibao hiki ulifungua ramani ya njia ya kwenda mahali palipotajwa. Rangi zilitofautiana kulingana na aina ya mahali. Kibao kimoja, kwa mfano, kilimjulisha mpita njia kwamba makaburi ya kale ya jiji yapo umbali wa dakika 7 kwa miguu, na kingine kwamba Glenwood South, eneo la migahawa na burudani, ni dakika 18.

Uamuzi wa kuandika dakika badala ya maili ndio moyo wa jaribio hili, na pengine ndio sehemu yake iliyofikiriwa vizuri kuliko zote. Maili ni kipimo ambacho mwenye gari hukisoma kwenye dashibodi, na mtu asiyezoea kutembea hana namna ya kukigeuza kuwa juhudi ya mwili, hivyo nusu maili humsikikia kama safari. Dakika, kwa upande mwingine, ni kipimo anachokitumia siku nzima, na anaweza kukilinganisha papo hapo na muda wa kwenda kulifuata gari, kuliondoa, kupita taa za barabarani na kutafuta pa kuliegesha. Kwa mwendo wa kawaida wa mtu mzima, ambao ni takribani mita 80 kwa dakika, dakika 7 ni kama mita 560 tu. Hata hivyo kipimo hiki kina upendeleo wake, kwa sababu mwendo wa kawaida ni wa mtu mwenye afya asiye na mzigo, na mzee anayetembelea mkongojo au mama anayesukuma kigari cha mtoto angehitaji dakika zaidi ya zile zilizoandikwa, bila kuhesabu kusubiri kwenye kila taa nyekundu.

Upande wa vifaa haukuwa na ufundi wa kutisha. Vibao 27 vilichapishwa kwenye plastiki nyepesi yenye mifereji ndani, ya aina itumikayo Marekani kwa mabango ya wagombea na ya nyumba zinazouzwa, kisha vikafungwa usiku mmoja kwenye nguzo zilizokuwapo tayari katika makutano matatu ya barabara, kwa vikamba vya plastiki vya kujikaza ambavyo hukatwa kwa mkasi bila kuacha kovu. Gharama yote haikufikia dola 300. Tomasulo alikuwa amechunguza kwanza njia halali, akakuta kwamba kibali cha muda, pamoja na bima ya kulipia madhara ambayo kibao kingeweza kumsababishia mtu, kingemgharimu zaidi ya dola 1,000 na kumchukua miezi mingi. Hapa inafaa kusemwa waziwazi kwamba kitendo hicho kilikuwa kinyume cha kanuni, na kwamba kanuni hiyo haikutungwa kwa ubaya, maana jiji likiruhusu kila mtu kufunga atakacho kwenye nguzo za umma, haitapita muda kabla nguzo hizo hazijajaa matangazo ya waganga na madalali. Kilichovitenga vibao vya Raleigh ni kwamba havikuuza kitu, viliandikwa kwa mtindo unaofanana na wa serikali, na vingeweza kuondolewa kwa dakika chache, jambo lililolipa jiji nafasi ya kubadili mawazo upande wowote bila hasara.

Nafasi hiyo ilihitajika upesi. Habari zilienea mtandaoni, BBC ikatangaza habari hiyo, na Mitchell Silver, aliyekuwa mkurugenzi wa mipango wa jiji, alilizungumzia wazo hilo kwa kuliunga mkono. Lakini malalamiko yalipofika rasmi kwamba vibao havikuwa na kibali, ofisi yake haikuwa na budi kuvishusha. Hatua iliyofuata inaonyesha kwamba mbuni alikuwa amesoma mipango miji darasani, wala hakuishia kuchora tu. Badala ya kuanzisha malumbano, alifungua ombi la hadhara la kukusanya saini, ambalo ndani ya siku tatu lilipata saini 1,255, na ombi hilo lilijengwa juu ya hoja kwamba kuhimiza watu kutembea kumo tayari katika mpango mkuu wa jiji, yaani waraka unaoelekeza ukuaji wa jiji kwa miaka mingi ijayo, kwa hiyo vibao vilikuwa vikitekeleza kile ambacho baraza lenyewe lilikwisha kukiandika. Diwani aliyetaka kuvipinga angelazimika kuupinga mpango wake mwenyewe. Tomasulo akavitoa vibao kama zawadi kwa jiji, na baraza likapiga kura virudishwe kwa mradi wa majaribio wa siku 90.

Mike Lydon na Anthony Garcia, ambao katika kitabu chao cha mwaka 2015 wanaieleza mbinu ya namna hii kuwa ni hatua za muda mfupi na gharama nafuu zenye lengo la mabadiliko ya kudumu, wanakitumia kisa cha Raleigh kama mojawapo ya mifano yao mikuu. Sifa hiyo ni halali kwa upande wa utawala, na mradi wenyewe ulikua: mchango wa watu mtandaoni ulizidi dola 11,000, na fedha hizo zikasaidia kujenga mfumo ambao mtu wa jiji lolote angeweza kuandika mahali na dakika, kisha akapata kibao kilicho tayari kuchapishwa. Kwa upande wa usafiri, hukumu haina budi kuwa na tahadhari zaidi. Misomo ya msimbo wa QR ilionyesha kwamba watu walivutiwa na kibao, lakini aliyesoma msimbo si lazima awe alitembea, na waliotembea bila kugusa simu hawakuonekana popote. Kibao pia hakipunguzi mwendo wa gari, hakipandi mti wa kivuli, hakifupishi muda wa kuvuka barabara pana, wala hakipunguzi wingi wa magari, ambao ndio takwimu za Appleyard ziliuhusisha moja kwa moja na maisha ya mtaa.

Jaribio la Raleigh, basi, ni kielelezo kizuri cha namna ya kupata ruhusa, na ni ushahidi dhaifu kuhusu kuongezeka kwa waenda kwa miguu. Wanafunzi watakaotaka kulirudia katika jiji jingine waanze kwa kuhesabu wapita njia kwenye kona walizozichagua, kwa saa zilezile na siku zilezile za wiki, kabla kibao cha kwanza hakijafungwa na tena kinapokuwa kimekaa mwezi mmoja, na wahesabu pia kona mbili au tatu ambazo hazitawekewa kitu ili wapate cha kulinganisha. Kazi hiyo inahitaji daftari, saa na watu wanne wavumilivu.