Jukumu Lianze Pale Pikipiki Inapoegeshwa

Tarehe 13 Machi 2010, kwenye mlima Boulder karibu na mji wa Revelstoke, jimbo la British Columbia nchini Kanada, watu wapatao 200 walikuwa wamekusanyika kutazama waendeshaji wa pikipiki za theluji wakishindana kupanda mteremko. Theluji iliporomoka. Wawili walifariki na wengine takriban 30 waliumia, ilhali Canadian Avalanche Centre, taasisi iliyokuwa ikitoa taarifa za maporomoko nchini humo, ilikuwa imetoa onyo maalumu kwa siku hizo. Ni rahisi kuwaelekezea macho waliokuwa juu na kuuliza kwa nini walipanda. Lakini wengi siku ile walikuwa chini, na nadhani hapo ndipo uchambuzi unapaswa kuanzia: katika mchezo huu jukumu la mtu linapimwa kwanza kwa mahali alipoegesha, kisha ndipo kwa ujasiri au ujuzi wake wa kupanda.

Poromoko linaloua mara nyingi ni la bamba, yaani theluji iliyoshikamana iliyolala juu ya tabaka dhaifu. Tabaka hilo huweza kuwa chembe za jalidi zilizoota usiku wa baridi usio na mawingu, kisha zikafukiwa na dhoruba iliyofuata. Mteremko ukiwa na nyuzi 30 hadi 45, uzito usio mkubwa unaweza kulivunja, na ufa ukakimbia mbali sana na ulipoanzia. Watu hudhani ni ngurumo ya injini inayoiangusha theluji; sivyo. Kinachovunja ni uzito, na pikipiki ya milimani ina zaidi ya kilo 200 kabla mwendeshaji hajaipanda, tena mkanda wake huchimba kwenda chini. Sasa tazama mchezo wenyewe. Mmoja hupanda kwa kasi hadi nguvu zinapokaribia kumwishia, hugeuza na kushuka, na mwenzake hujaribu kuvuka alama yake. Akikwama juu, rafiki humfuata kumkwamua, na hapo uzito huwa maradufu mahali pabaya kuliko pote, huku wenzao wakiwa wameegesha chini kabisa, pale theluji itakapomwagikia. Ndiyo maana kanuni husema apande mmoja tu, aliyekwama ajikwamue mwenyewe, na wengine wakae pembeni, nje ya njia ya poromoko, pikipiki zikiwa zimeelekezwa pa kutokea.

Kuna watakaosema mtu mzima ana haki ya kuhatarisha maisha yake. Anayo, lakini hapa hahatarishi yake peke yake. Katika takriban ajali tisa kati ya kumi za vifo, poromoko huanzishwa na mwathirika mwenyewe au mtu wa kundi lake. Wengine hutegemea vifaa: redio ya kutafutana, inayorusha mawimbi ya kilohezi 457, fimbo ndefu ya kupima kina, koleo, na siku hizi mfuko wa hewa mgongoni. Vyote vinafaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kati ya waliokumbwa vibaya, vifo vilikuwa asilimia 22 kwa wasiokuwa na mfuko uliojaa, na asilimia 11 kwa waliokuwa nao. Nusu ya hatari bado imebaki, na redio haina faida kama aliyepaswa kuisikiliza naye amefukiwa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa mtafiti Ian McCammon, aliyechambua ajali 715 za maporomoko zilizotokea Marekani kati ya 1972 na 2003. Alionyesha jinsi mazoea ya mahali na kufuata nyayo za wengine vinavyowapofusha hata waliopata mafunzo. Basi, je, kuna maana gani kusisitiza jukumu la mtu mmoja ndani ya umati? Jibu langu ni kwamba kuisoma theluji ni vigumu, na hata mabingwa hukosea, lakini umbo la mlima halibadiliki usiku mmoja. Mteremko uko wapi na utamwagikia wapi, hata mgeni anaweza kuoneshwa. Uamuzi wa kutosimama pale hauhitaji utabiri wala ridhaa ya kundi.

Jukumu hilo linamhusu hata mwokoaji. Katika eneo la Harvey Pass, karibu na mji wa Fernie katika jimbo hilohilo la British Columbia, tarehe 28 Desemba 2008, wanaume saba walifukiwa. Wenzao wanne walikimbilia kuwachimbua, wakakumbwa na poromoko la pili. Kati ya wote 11, walinusurika watatu. Siwezi kuwalaumu waliokimbilia, maana dakika kama kumi tu zinaweza kutenganisha uhai na kifo. Lakini mteremko uliokwisha kuporomoka si lazima uwe umemaliza, kwa hiyo mwokoaji naye lazima aangalie kinachoning'inia juu yake kabla ya kushika koleo, ingawa kila sekunde inamuuma. Wawili waliojinasua walimchimbua wa tatu, kisha wakaondoka kwa kuwa theluji ilikuwa bado inatishia. Kuwaacha wenzao chini ya theluji hakuna anayeweza kukuita kuepa jukumu. Waliamua sawasawa, na mafunzo ya uokoaji yanapaswa kuwaambia watu waziwazi kwamba huenda siku moja wakalazimika kuamua hivyo.