Jeraha Lisilotakiwa Kufunga

Mpasuaji wa kawaida hujivunia jeraha lililofunga vizuri. Anayepasua presha ya macho hutaka kinyume chake: tundu analotoboa kwenye ukuta wa jicho libaki wazi kwa miaka, maji ya ndani yapate pa kutokea, na neva ya jicho ipumue. Upasuaji huo, trabekulektomi, ulielezwa na John Cairns wa Cambridge mwaka 1968. Tangu hapo adui wake mkuu ni kovu.

Kazi hufanyika chini ya hadubini. Uzi mwembamba hupitishwa kwenye konea ili jicho livutwe chini, na weupe uliojificha nyuma ya kope la juu uonekane. Mkasi butu hufungua konjunktiva, utando angavu unaofunika weupe huo, kisha huachanisha tabaka la Tenon lililo chini yake. Koleo lenye meno haligusi utando, kwa kuwa utando uliochanika huvuja.

Damu hujitokeza kwa vitone. Kila kishipa huchomwa kwa ncha ya moto, kidogo tu, mpaka kitone kikome. Joto likizidi, weupe wa jicho hunywea, na nyama iliyoungua nayo huchochea kovu. Subira hii yote kwa kitone kidogo ina sababu yake, nayo huonekana maabara. Faibroblasti, seli zinazosuka kovu, zikikaa kwenye chombo kisicho na seramu hutulia. Zikitiwa seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, hugawanyika, huhama na kukaza nyuzi za kolajeni. Seramu hubeba vichocheo vya ukuaji, vikiwemo vile vinavyomwagwa na chembe sahani wakati wa kuganda.

Ili kuzizuia seli hizo, ndipo zinapokuja dawa mbili zilizoazimwa kwenye tiba ya saratani: fluorourasili na mitomisini. Vipande vya sponji vilivyoloweshwa hupangwa chini ya utando, kwa eneo pana, ukingo wa utando ukiwa umeinuliwa usiguswe. Mitomisini, yenye rangi ya zambarau, huachwa kwa dakika mbili au tatu huku muuguzi akisoma saa. Sponji hutolewa moja moja na kuhesabiwa, kisha jeraha huoshwa kwa maji mengi ya chumvi.

Fluorourasili huinyima seli malighafi ya kutengeneza DNA, kwa hiyo huzipata zaidi seli zinazogawanyika. Dawa ikishaondoka, seramu ikiendelea kuchochea, nyingi huanza upya. Mitomisini huzifunga pamoja nyuzi mbili za DNA, na pingu hiyo haifunguki kwa urahisi. Hata hivyo seli iliyofungwa bado iko hai. Inaweza kutoa vichocheo vyake na kuziita jirani ambazo dawa haikuzifikia. Kuongeza dozi si suluhisho, maana mitomisini ikizidi huacha utando mwembamba kama ganda la kitunguu, unaovuja na kupitisha vijidudu. Panapoishia dawa, mkono unabaki na kazi.

Mkono huo hukata kifuniko cha nusu ya unene wa ukuta, hutoboa tundu chini yake, na kunyofoa kipande cha irisi kisije kikaziba. Kifuniko hushonwa kwa nailoni ya 10-0. Maji hujazwa jichoni. Mpasuaji hutazama yanavyochuruzika, hukaza uzi, hutazama tena.

Wiki zinazofuata, kliniki, mpasuaji huchunguza wekundu wa jicho. Vishipa vilivyovimba huvujisha majimaji ya damu yenye vichocheo palepale penye tundu, hivyo yeye huongeza matone ya steroidi au huchoma sindano ya fluorourasili pembeni. Lakini mgonjwa anayetoka mbali hawezi kurudi kila mara. Ndiyo maana jaribio la Hospitali ya Kikuyu, Kenya, lililochapishwa mwaka 2001, lilipima fluorourasili inayowekwa mara moja tu, mezani. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, dakika zinazotumika kuzima vishipa kabla ya sponji kuwekwa ni sehemu ya dozi yake.