Jinsi spini zilivyonaswa kingoni

Mwaka 1971, Mikhail Dyakonov na Vladimir Perel wa Leningrad walitabiri kwa hesabu kwamba ukipitisha umeme kwenye semikonda, elektroni zenye spini (hali inayoifanya kila elektroni iwe kama sumaku ndogo) ya kuelekea juu zitajikusanya ukingo mmoja na za kuelekea chini ukingo wa pili, bila sumaku yoyote. Ilipita miaka 33 kabla ya Kato, Myers, Gossard na Awschalom, wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Barbara, kulionyesha jambo hilo.

Walichukua utando wa galiamu asenidi wenye upana wa mikromita 77, wakaupooza hadi kelvini 30, yaani nyuzi 243 chini ya sifuri. Nitrojeni huganda kabla ya kufika huko, kwa hiyo hii ni kazi ya heliamu. Baridi ilihitajika kwa sababu katika joto spini hupoteza mwelekeo upesi mno.

Kisha leza. Mwanga wake ulichujwa utikisike upande mmoja tu, ukakusanywa kwenye doa la mikromita 1 hivi, doa likapitishwa hatua kwa hatua toka ukingo hadi ukingo. Penye spini zilizoelekea pamoja, mwanga hurudi na mtikisiko uliogeuka kidogo, kama mwanafizikia John Kerr alivyogundua kwa sumaku mnamo 1877. Kidogo hicho ni mikroradiani chache. Ukilenga mwali kutoka Ruziba, Burundi, hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, ukakosea kwa pembe ya namna hiyo, shabaha utaikosa kwa sentimita chache. Ndiyo maana waligeuza-geuza volti na kupima tu kile kilichogeuka pamoja nayo.

Hata hivyo, umeme wenyewe unaweza kubadilisha jinsi kitu kinavyoakisi mwanga. Nani aseme hiyo ni spini? Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Waliweka uga wa sumaku uliolala sambamba na utando. Spini halisi lazima ziyumbe kuuzunguka na ishara ififie kadiri uga unavyoongezwa. Ilififia vilevile, na kingo mbili zikatoa ishara zilizo kinyume, katikati sifuri.

Kwenye sampuli nyingine zenye indiamu, zilizokatwa kwa pande tofauti za fuwele, matokeo hayakubadilika sana. Wakaelekea kuamini kwamba elektroni husukumwa kando zinapogonga uchafu ndani ya kitu, wala si kwa umbo la fuwele lenyewe.