Namna ya Kulipima Jina la Kati

Kila Desemba barabara za kupanda Machame, Kibosho, Marangu na Rombo hujaa magari ya watu wanaorudi nyumbani, na watoto waliozaliwa mijini huletwa kubatizwa kwenye makanisa ya mlimani Kilimanjaro. Wengi huja na jina la kwanza ambalo bibi yao hajapata kulisikia. Hilo lisimtishe mtu. Uchagani tumepokea majina mapya tangu wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, na leo ukitaja Godlisten au Praygod popote Tanzania, watu wanakisia kwamba mwenyewe ni wa kaskazini. Jina geni huzoeleka. La kupimwa kwa makini ni jina linalolifuata, maana ndilo linalolishika lile la kwanza na kulipatia kwao.

Ijue nafasi yenyewe

Kwa desturi ya nchi yetu, jina la kati ni la baba. Anayejaza fomu za RITA, za cheti cha kuzaliwa, au za NIDA, za kitambulisho cha taifa, anategemewa kuandika jina lake, la baba yake, kisha la ukoo: Massawe, Lyimo, Shirima, Urio. Kwa hiyo wazazi wengi wana jina la kati tayari kabla mtoto hajazaliwa, na kazi yao ni kutafuta jina la kwanza litakalokaa vizuri mbele yake.

Zipo pia familia zinazoweka hapo jina la babu. Kwa mila ya Kichagga, mtoto wa kwanza wa kiume hurithi jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Ubatizo ulipoleta jina jipya mbele, jina la nyumbani mara nyingi lilisogea nafasi ya pili. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kwa kuwaongoza Wazungu mlimani mwaka 1889, ana umbo hilo: ubatizo, nyumbani, ukoo.

Njia zote mbili ni nzuri. Lililo dhaifu ni kuweka jina la mtindo nyuma ya jina jingine la mtindo. Hapo mtoto hana baba wala babu ndani ya jina lake, na ukoo unabaki peke yake kueleza kila kitu.

Lisikie kabla ya kuliandika

Liite kwa sauti, kama mtu anayemwita mtoto aliye upande wa pili wa kihamba, migomba ikiwa katikati. Kisha lisome kama mwalimu anayeita mahudhurio. Makosa matatu yatajitokeza.

La kwanza ni irabu kumezana. Neema Aikaeli, likisemwa haraka, hupoteza mpaka: sikio halijui Neema ameishia wapi. Gladness Aikaeli halina shida hiyo. La pili ni mwangwi. Elibariki Elinami yanaanza sawa, na katika nyumba za Kilutheri ambako baba, shangazi na binamu wote wana Eli, majina hayo huchanganywa. Praygod Godfrey ni zito zaidi, kwa sababu silabi ileile inagongana pale pale majina yanapokutana. La tatu ni urefu usiopumua: majina matatu marefu mfululizo humchosha msomaji, naye ataanza kukata.

Sikiliza jina la mwanasiasa Freeman Aikaeli Mbowe: fupi, refu, fupi. Au Yohani Kinyala Lauwo: silabi tatu, tatu, tatu, kwa mwendo ulio sawa. Augustino Lyatonga Mrema, la mwanasiasa mwingine, linaanza kwa jina refu, kisha yanafuata mafupi mawili. Maumbo ni tofauti, lakini katika kila moja jina la kati linasikika lote.

Maana zijibizane

Freeman Mbowe alizaliwa mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika. Jina la kwanza ni la Kiingereza na linataja mtu huru. Jina la baba yake, Aikaeli, limeunganisha shukrani ya Kichagga na jina la Mungu. Yakiwekwa pamoja, la kwanza linataja zawadi na la pili linashukuru. Jina la Kichagga halikufunikwa na la kigeni, wala la kigeni halikuonekana limepotea njia. Hiki ndicho kiwango cha juu kabisa.

Majina mawili yanayosema jambo lilelile hayafiki hapo. Baraka akifuatwa na Elibariki, mmoja anarudia maneno ya mwenzake.

Angalia pia upande wa mlima. Kimachame, Kivunjo na Kirombo si kitu kimoja, na jina tamu Rombo linaweza kusikika vingine Machame. Kama ukoo wa mama umetoka upande mwingine, mwulizeni mzee wa huko kabla ya kuamua.

Tahajia moja, maisha yote

Jina zuri linaharibiwa na kalamu. Massawe huandikwa Masawe, Mallya huandikwa Malya, na majina ya Nde- na Eli- huongezwa au kupunguzwa herufi kila ofisi. Tofauti moja kati ya cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha taifa inatosha kumpeleka kijana kwa wakili kutafuta kiapo cha majina. Chagueni tahajia mapema, na iwe ileile kanisani, kliniki na shuleni.

Mfikirie mjukuu

Wazazi wengi wanasahau jambo hili. Jina la kwanza la mwanao wa kiume litakuwa jina la kati la watoto wake. Ukimpa jina lililopendeza mwaka huu tu, wajukuu watalibeba katikati ya majina yao kwa miaka sabini. Basi pima kila jina mara mbili: likiwa mbele, na likiwa limekaa nyuma ya jina usilolijua bado.

Hapo utaona kwa nini majina ya wazee hayachakai. Watu walimtaja Lyatonga Mrema bila kuhitaji Augustino, na wakaeleweka nchi nzima. Jina la kati lililo bora linaweza kusimama peke yake hivyo, na mwenyewe akaitika kwa fahari.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda kwa padre au mchungaji, pandeni kwa babu na bibi na majina yenu mliyoyapenda. Semeni jina zima mara moja, bila maelezo. Wakilirudia lote sawasawa na kutambua ndani yake mtoto ni wa nani, liandikeni. Wakirudia la kwanza tu na kuuliza, "Huyu ni wa nani?", endeleeni kutafuta.