Heko kwa Wachumaji wa Mboga za Mwitu

Mvua za kwanza zikishailowesha milima ya Umatengo, mahindi yangali machanga, lakini mboga zimekwisha kujiotea. Wanaostahili pongezi hapo ni akina mama wa Mbinga na wenzao wa mwambao wa Ziwa Nyasa.

Kazi yao ni elimu. Kwenye ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia mvua isiporomoshe udongo mteremkoni, palizi yao ina uchaguzi: mnavu, mgagani na mchicha pori huingia kapuni; magugu mengine hutupwa shimoni yaoze yawe mbolea. Huchuma ncha changa tu, shina lipate kuchipua tena. Mnavu huutambua kwa jani na ua, maana ipo mimea inayofanana nao yenye sumu.

Jikoni, maji ya kwanza humwagwa kupunguza uchungu, kisha mboga huungwa kwa karanga zilizotwangwa. Asubuhi, mboga hiyo hutumika kuteremshia ugali au muhogo wa kuchemsha. Huko mwambaoni, Mbamba Bay na Liuli, dagaa waitwao usipa hukaa pembeni.

Mabwana shamba wanaohubiri lishe bora wangeanza kwa kuwauliza hawa. Mama zetu, hongereni, na wajukuu wafundisheni.